Picha Zinazolala Kifudifudi

Papa Foto hakumpa mtu picha mkononi. Aliitoa kwenye bahasha, akailaza mezani kifudifudi, mgongo wake mweupe ukiwa juu, kisha akaisukuma kwa vidole viwili mpaka ikufikie. Halafu aligeuza uso ukutani. Angeweza kukaa hivyo dakika nzima, anatazama ukuta usio na kitu, huku wewe ukijiandaa kukutana na sura yako. Mume aliyemsindikiza mkewe aliambiwa asubiri mlangoni. Mama aliyemleta mtoto wa miaka mitano aliambiwa mtoto aangalie kwanza.

"Sura ni yake," alimwambia mama mmoja aliyekasirika mbele yangu. "We ulileta tu miguu."

Studio yake ilikuwa Kamembe, mji wetu wa mpakani kando ya ziwa, kwenye kichochoro nyuma ya soko, kati ya fundi cherehani na muuza makava ya simu. Sijui alizaliwa wapi. Wengine walisema Bukavu, ng'ambo ya mpaka, wengine hapa hapa, na yeye alikubali majibu yote mawili kutegemea nani anauliza. Nilimjua kwanza nikiwa msichana wa shule, nilipopelekwa kupigwa picha ndogo za fomu ya shule. Nakumbuka sikuigeuza ile picha. Nilikaa naiangalia ilivyolala, nikiwaza kama nimefumba macho, kama sikio moja limezidi lingine, na ikiwa limezidi, je, watu wamelijua siku zote wakaninyamazia? Mwishowe akasema, uso ukiwa bado ukutani: "Mama, haitakuuma."

Nilirudi kwake miaka kumi na kitu baadaye, nikiwa na shahada na bila kazi. Nilikuwa naishi Gihundwe, karibu na hapo, kwa wazazi, najifunza kutengeneza programu za simu kwa masomo ya bure ya mtandaoni. Zoezi la mwisho lilikuwa kutengeneza programu ya kushirikishana picha: mtu ajiandikishe, apakie picha, wengine waione, waweke alama ya moyo, waandike neno. Wanafunzi wengine walilimaliza kwa wiki mbili. Mimi siku tatu nzima nilihangaika na swali moja: watu wawili wakiweka moyo kwenye picha moja kwa sekunde ileile, nani ahesabiwe wa kwanza? Wakati huo programu yangu haikuwa na mtumiaji hata mmoja. Picha zilizokuwamo zilikuwa za kuku wa mama yangu na parachichi mbili.

Nilitaka sura za watu, ndiyo maana nikaenda kwa mtu ambaye alikuwa na sura nyingi kuliko yeyote niliyemjua.

"Injiniya," alisema nilipomweleza ninachosoma. Tangu siku hiyo hakuniita vingine, na kwa kila aliyeingia alinitambulisha hivi: "Uyu ni injiniya. Anajenga nyumba mu simu. Mulango bado hayapata."

Nilitegemea achukie simu. Simu ndizo zilizomwachia picha za fomu na pasipoti tu, na mara chache harusi ya mtu wa kizamani. Lakini Papa Foto alipenda simu kuliko mimi. Alikuwa nayo moja yenye kioo kilichopasuka na aliifungua mipangilio yake yote, hata ile ambayo mimi niliiogopa. Kilichomshangaza ni kwamba watu walikuwa wanajiona wenyewe papo hapo.

"Zamani," alisema, "muntu alingoja siku tatu hajui iko namna gani. Siku tatu hizo alikuwa muzuri sana."

Aliniuliza maswali kuhusu programu yangu ambayo masomo hayakuniuliza. Picha inapotumwa, nani anaiona wa kwanza? Nikasema wote, kwa wakati mmoja. Akauliza, na yule aliye ndani ya picha? Nikasema naye ni mmoja wa wote. Akakuna kidevu. "Bon. Na kama hayuko mu simu?" Usiku huo swali hilo lilikaa nami kama mgeni asiyeaga. Asubuhi nililiandika kwenye daftari langu la kasoro za programu, namba arobaini na moja.

Alikuwa na vituko vyake. Koti lake la kuazima, lile ambalo nusu ya wanaume wa Kamembe wa umri wa baba yangu wanaonekana nalo kwenye picha zao, halikuwa na mgongo. Alilipasua mwenyewe kutoka shingoni hadi chini ili limtoshe mnene na mwembamba, akawa analibana nyuma kwa vibanio vya nguo. Mbele ulikuwa mkurugenzi, nyuma ulikuwa kamba ya kuanikia. Mtu huyohuyo aliyefanya hivyo alikataa katakata kumwondolea mteja chunusi kwa kompyuta. "Mi sidanganye," alisema, na nyuma yake koti lilikuwa linaning'inia kwenye msumari, limepasuliwa vipande viwili.

Ukutani alikuwa na pazia lililochorwa ziwa. Ziwa lenyewe, la kweli, ungeliona ukipiga hatua sita nje ya kichochoro, lakini watu walipanda ngazi za kichochoro kuja kupigwa picha mbele ya lile la rangi, buluu kama sabuni ya kufulia, lenye kisiwa kimoja na ndege watatu. Nilimwuliza kwa nini.

"Ile ya inje haitulii," alisema. Kisha, kama mtu aliyenionea huruma: "Na iyi haina upande ingine."

Alisema Ijumaa hapokei wateja kabla ya saa nane kwa ajili ya sala, ila kama mtu alikuwa anasafiri. Kila mtu akawa anasafiri Ijumaa. Aliiba kwenye mchezo wa dama bila aibu. Hakutaka yeye mwenyewe apigwe picha. Ukiinua simu tu, alijificha nyuma ya pazia na miguu yake ikabaki inaonekana chini ya ziwa. Na kwa kila mteja, mkubwa au mdogo, alikuwa na amri moja kabla ya kubonyeza: "Inua kidevu. Zaidi. Uko nanyima bantu shingo."

Lakini kilichonirudisha pale kila wiki kilikuwa maboksi.

Yalikuwa manne, yale yaliyokuja na karatasi za picha, yamepangwa chini ya meza. Ndani yake zilikuwa bahasha za watu waliopigwa picha, wakalipa, na hawakurudi kuzichukua. Baadhi zilikuwa za miaka michache nyuma, nyingine zilinizidi umri. Hakuna bahasha iliyokuwa na jina. Aliandika kwa penseli jambo moja tu lililotokea siku hiyo. *Aliyeazima viatu vya dada yake. Waliogombana wakapatana njiani. Mtoto aliyemwogopa ndege wa pazia. Alisema anaenda mbali. Kanzu ya harusi, peke yake.*

Nilimwuliza kwa nini haandiki majina kama watu wengine. Alikuwa anafuta lenzi. Aliifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Majina yaliandikwaka ya kutosha mu iyi inchi," alisema. "Mi naandika viatu."

Kichwa changu kinauliza kila kitu, lakini orodha za miaka ya mauaji hakikuziuliza.

Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Daktari alimwambia la kulia limekwisha na la kushoto linalifuata polepole. Hakunieleza kwa huzuni, alinieleza kama mtu anayetoa taarifa ya mashine. Kilichomsumbua ni maboksi. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kuitazama sura na kusema: huyu namwonaga kwenye foleni ya mpakani, huyu mtoto wake anauza mkaa, huyu hayupo tena. Macho yakizimika, bahasha zote zile zingekuwa karatasi tu. Alitaka zirudi kwa wenyewe kabla ya hapo.

Tukakubaliana. Mimi ningezipiga kwa simu yangu, moja moja, ili azikuze kwenye kioo na kuziona vizuri. Sharti lilikuwa moja.

"Zikae mu simu yako. Zisitembee."

"Hazitatembea, Papa."

Nilimaanisha. Nataka hilo lijulikane, ingawa nimeshajiuliza mara mia kama nilimaanisha kweli au niliogopa tu kukataa. Kwa wiki tano tulifanya kazi. Nilikaa kwenye kigoda, yeye alishika simu karibu na jicho la kushoto hadi pua iguse kioo, na alinisimulia. Picha kumi na tisa zilirudi kwa wenyewe hivyo, kila moja kifudifudi.

Kisha nikafika kwenye hatua ya majaribio. Programu ilihitaji watu waitumie, na watu walihitaji kitu cha kuangalia. Niliwaalika wenzangu saba niliosoma nao chuo. Niliziangalia zile picha za kuku. Nikajiambia kwamba ni majaribio tu, kwamba watu saba si watu, kwamba labda mmoja wao angemtambua mtu na kazi ya Papa Foto ingeenda haraka. Nilijiambia mengi. Ukweli ni kwamba nilitaka kuiona ile mioyo ikiwaka. Nikapakia picha kumi na moja.

Iliwaka. Picha iliyopata mingi kuliko zote ilikuwa ya msichana wa miaka kama ishirini, amevaa kanzu ya harusi, lile gauni la bibi arusi, peke yake mbele ya ziwa la rangi, kidevu juu. Mmoja wa wale saba aliihifadhi na kuituma kwenye kundi la simu la wafanyabiashara wa mpakani, akauliza nani anamjua bibi arusi huyu mrembo.

Walimjua. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mlangoni pa studio alisimama mama mmoja mwenye beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, kichwani, bado limejaa, maji ya samaki yanamchuruzika begani. Nilimfahamu kwa sura, kama wote tulivyomfahamu: mama wa Mururu aliyevuka mpaka kila siku kwenda kuuza Bukavu. Tulimwita Maman Sambaza. Hakulitua beseni.

"Papa Foto, leo sikuvuka," alisema.

"Juu ya nini, Maman?"

"Banaimba. Ku mustari muzima ya mupaka banaimbia mi wimbo ya bibi arusi. Hata ule kijana wa kupima mizigo. 'Maman, bwana yuko wapi?' Njo banauliza vile." Sauti yake haikupanda. "Ile harusi haikukuwaka. We unajua. Kanzu ilirudi kwa mwenyewe siku ile ile. Mi sikusahau picha, Papa. Nilikuachia ulinde."

Papa Foto aligeuka upande wangu. Hakuweza kuniona vizuri kutoka pale, najua, lakini aligeuka sawasawa kabisa.

"Ni mimi," nilisema. "Si yeye. Niliiweka kwenye programu yangu, nilikuwa najaribu tu..."

Nilieleza. Nilieleza hadi jinsi watumiaji wanavyoalikwa, hadi tofauti ya toleo la majaribio na toleo kamili. Maman Sambaza alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ikipita. Halafu akaondoka, na matone ya samaki yakabaki kwenye sakafu kutoka mlangoni hadi pale aliposimama.

Papa Foto aliyasukuma maboksi manne kwa mguu hadi ukutani, moja baada ya jingine.

"Nilisema zisitembee," alisema. Basi.

Nilizifuta picha zote kumi na moja kwenye programu siku hiyo. Nilijua kufuta kwangu hakufuti kilichoko kwenye simu za wengine. Ni jambo la kwanza wanalokufundisha. Papa Foto hakunifungia mlango. Nilikuja, nikafagia, nikamsomea ujumbe wa simu, tukacheza dama akaniibia. Lakini kila nilipoyataja maboksi, aliuliza kama nje kuna jua. Jicho la kushoto likaendelea kufifia. Akaanza kukata vichwa vya watu kwenye picha za pasipoti, na fundi cherehani wa jirani akawa anasimama nyuma yake akimwambia: "Juu kidogo, Papa. Apo, apo." Kila mteja aliyekatwa nilimhesabu kama wangu. Sura zilikuwa zinamtoka, na bahasha zilikuwa zimekaa ukutani kwa sababu yangu.

Mwishowe nikamwuliza nifanye nini.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Mi njo niko mu ile picha?"

Nikapanda Mururu. Njia nzima niliitunga hotuba ya kuomba msamaha, nikaibadilisha, nikairudisha ilivyokuwa. Maman Sambaza alikuwa anabangua maharage uani. Hakunikaribisha ndani, alinisogezea sahani ya maharage yasiyobanguliwa. Nikabangua. Hotuba ikanipotea yote, nikabaki na "Unisamehe, Maman."

"Unajua bantu ngapi balikuwa ku ule mustari?" aliuliza.

"Sijui."

"Mi najua. Niliona kila mumoja."

Tulimaliza sahani. Niliposimama alisema: "Ku simu yako, futa. Ile ya Papa, iache apo iko."

Nilishuka nikiwa na jambo moja tu kichwani, jambo ambalo kwangu ni nadra. Iache hapo ilipo. Programu yangu haikujua kuacha kitu hapo kilipo. Kila picha ilikuwa imetengenezwa ili ionekane, haraka, na wengi. Nilikaa miezi miwili kuibomoa. Niliondoa mioyo. Niliondoa sehemu ya maneno. Niliondoa hata sura. Kilichobaki ni orodha ya bahasha, kila moja na yale maneno yake ya penseli, bila picha. Mtu akisoma na kujitambua, anabonyeza, anapewa siku ya kuja studio. Hakuna kingine. Mwenzangu mmoja wa chuo aliiangalia akasema: "Umetengeneza programu ya picha isiyo na picha."

Nilimsomea Papa Foto mpango wote, nikikodolea macho sakafu. Kisha akauliza: "Na ule anataka ilale?"

"Kuna kitufe cha pili," nilisema. "Kinaitwa Ilale."

Akanyoosha mguu, akalivuta boksi la kwanza kutoka ukutani.

Nilichokuwa sijakifikiria, mimi ninayefikiria kila kitu, ni kwamba kwa njia hii macho yake hayakuhitajika sana. Hakuwahi kuwakumbuka watu kwa sura peke yake. Wiki ya kwanza, bahasha ya *Aliyeazima viatu vya dada yake* ilidaiwa na wanawake wanne. Nilishtuka, nikaona udanganyifu, nikaanza kuwaza namna ya kuthibitisha watumiaji. Papa Foto aliwapanga kwenye benchi na kumwuliza kila mmoja peke yake swali moja: vile viatu vilikuwa vinakubana ao vilikuwa vinakutoka? Watatu walisema vilibana. Wa nne, mama mwenye mvi kutoka Gitambi, alicheka kabla swali halijaisha.

"Vilinitoka, Papa! Ulinijazia gazeti mbele."

"Gazeti ya nini?"

"Ya mupira."

Akailaza bahasha mezani. Wale watatu aliwaambia kwa upole kwamba nao walikuwa wazuri siku yao.

Hivyo maboksi manne yakawa matatu, kisha mawili na nusu. Bahasha nyingi hazitadaiwa kamwe, na tunajua sababu, na hatuisemi. Hizo tunazisoma tu kwenye orodha. Nilimwuliza kama niziondoe. Alisema hapana, zinakaa, muntu akipita asome.

Mara ya mwisho ninayotaka kuiandika ni ya mwezi uliopita. Nilikuwa nimepata kazi ya majaribio Kigali na nilikuja kumuaga. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, simu yenye ufa sikioni, inamsomea mambo kwa sauti ya mashine. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafika lilipokuwa linaenda. Alinitambua kwa hatua. "Injiniya, mulango umepatikana?" Nikasema nadhani umepatikana, ingawa huenda mkataba usirefushwe, na hata ukirefushwa...

"Ingia na uketi," alisema.

Maman Sambaza aliingia kabla sijaketi. Beseni lilikuwa tupu, amelibana kwapani. Alikuwa anarudi kutoka ng'ambo. Hakuwa amebonyeza kitu chochote kwenye programu. Alivuta benchi.

"Ile yangu," alisema. "Leo niko na nafasi."

Papa Foto hakuuliza ipi. Alipapasa boksi la pili, akahesabu kwa kidole gumba, akachomoa. Alitoa picha kwenye bahasha, akapitisha kidole juu yake kutafuta upande laini, akailaza kifudifudi na kuisukuma kwa vidole viwili. Kisha, yeye ambaye hakuwa akiona hata dirisha, akageuza uso ukutani.

Nami nikageuka. Nikaliangalia ziwa la rangi na ndege wake watatu. Nilisikia karatasi ikigeuzwa. Halafu redio ya fundi cherehani peke yake.

"Kumbe nilikuwaka na shingo," alisema Maman Sambaza.

"Nilikuambia uinue kidevu," alijibu Papa Foto, ukutani. "Ulibisha."

"Nilibisha juu vibanio vya ile kanzu vilikuwa vinanichoma, Papa!"

Wakacheka wote wawili, na kicheko cha mama kiliisha kwanza. Karatasi ikageuzwa tena. Nilipotazama, picha ilikuwa imelala kama mwanzo, na Maman Sambaza alikuwa anaisukuma kwa vidole viwili, kurudi upande wa pili wa meza.

"Irudishe mu boksi," alisema. "Nitapita tena kuiangalia."

Alipoondoka nilitoa simu, nikafungua orodha, nikaitafuta *Kanzu ya harusi, peke yake*. Kulikuwa na vitufe viwili, Imechukuliwa na Ilale, na hakuna hata kimoja kilichosema nitapita tena. Kidole kilibaki hewani.

"Injiniya," alisema Papa Foto, akiwa bado ameelekea ukutani. "Ameshaenda? Naweza kugeuka?"